Mapenzi ya Mungu na Mikono ya Wanadamu: Swali la Mutarule

Mutarule ni kijiji cha wakulima mashariki mwa Kongo, katika Uwanda wa Ruzizi, yaani nchi tambarare iliyo kati ya milima ya Itombwe na mto Ruzizi, ambao hutoka Ziwa Kivu na kuingia Ziwa Tanganyika karibu na mji wa Uvira. Wakazi wake hulima mihogo, mahindi na mpunga, na wengi wao husali katika makanisa ya Kipentekoste, ambayo mizizi yake ni kazi ya wamisionari wa Uswidi walioingia sehemu hizo katika miaka ya 1920. Usiku wa tarehe 6 Juni 2014 watu wenye silaha walikivamia kijiji hicho na kuua watu wasiopungua 30, hasa wa kabila la Wafuliiru, na wengi wa waliouawa walikuwa katika ibada iliyofanyika nje, chini ya anga. Tangu hapo jina la Mutarule haliwezi kutajwa bila kuamsha swali zito kuliko yote katika dini: Mungu aliye mwema na mweza wa yote huwaachaje wauawe wale wanaomwomba saa ile ile?

Wanateolojia huliita swali hili theodisia, neno lililoanzishwa na mwanafalsafa Leibniz mwaka 1710, lenye maana ya kuutetea uadilifu wa Mungu mbele ya uovu uliopo duniani. Wanaolijadili hutenga uovu wa maumbile, kama mafuriko na maradhi, na uovu wa kimaadili, ambao chanzo chake ni hiari ya mwanadamu. Watu wa Uvira wanaufahamu ule wa kwanza, kwa maana mito ishukayo milimani ilifurika Aprili 2020 ikabomoa nyumba na kuchukua uhai. Aliyefiwa katika gharika akisema kwamba ni mapenzi ya Mungu, husema kwa unyenyekevu. Lakini maneno hayo hayo yakitamkwa juu ya mauaji ya Mutarule huwafunika waliotenda, hata kama msemaji hakukusudia.

Historia ya uwanda inaonyesha wazi kwamba kuna waliotenda. Teritori ya Uvira ina sheferi tatu, yaani maeneo ya kimila yanayoongozwa na mwami, na katika ile ya Uwanda wa Ruzizi, kilipo Mutarule, utawala wa Kibelgiji uliutambua umwami wa ukoo wa Kirundi, jambo ambalo Wafuliiru wengi wamelipinga kizazi baada ya kizazi. Mwami Ndabagoye wa sheferi hiyo aliuawa Aprili 2012, na uhasama ukazidi. Tena kuna mifugo, ambayo wakati wa kiangazi hushushwa kutoka nyanda za juu kutafuta malisho. Kwa desturi mwenye ng'ombe hutoa itulo, ambayo ni ada ya malisho kwa wenye ardhi, na ada hiyo ilikuwa pia ahadi ya ujirani. Vita vilivyoanza mwaka 1996 viliidhoofisha ahadi hiyo, kwani bunduki zilienea kwa wakulima na kwa wafugaji, na shamba lililoliwa na ng'ombe likawa sababu ya kabila zima kuchukiana na jingine.

Wahubiri wengi huwataja hapa Kaini mkulima na Habili mchungaji, kana kwamba jembe na fimbo vilizaliwa vikiwa maadui. Usomaji huo ni dhaifu. Katika Kitabu cha Mwanzo Mungu hamuulizi Kaini habari za kazi yake wala ukoo wake. Humuuliza alipo ndugu yake, na swali hilo linamhusu muuaji na kila aliyeweza kuzuia. Usiku wa mauaji ya Mutarule jeshi la taifa na askari wa kulinda amani wa Umoja wa Mataifa walikuwa kilomita chache tu kutoka hapo. Habari ziliwafikia, lakini mauaji hayakuzuiwa.

Augustino wa Hippo alifundisha kwamba uovu hauna asili yake wenyewe, bali ni upungufu wa wema uletwao na hiari iliyopotoka. Mafundisho hayo yanamweka muuaji mahali pake, ingawa hayamtoshelezi mama anayeuliza kwa nini hiari ya muuaji iliheshimiwa kuliko uhai wa mwanawe. Mama huyo ana haki ya kuuliza, na Zaburi za maombolezo zinampa ruhusa ya kumlalamikia Mungu waziwazi bila kuhesabiwa mkosa imani.

Ng'ambo ya Ruzizi, huko Gatumba nchini Burundi, wakimbizi zaidi ya 150, wengi wao Banyamulenge, yaani Watutsi wa Kongo, waliuawa kambini tarehe 13 Agosti 2004. Wachungaji wa uwanda huu, wa kila kabila, wawataje wafu wa Gatumba na wa Mutarule katika sala moja, nao wadai mahakama za dunia hii ziwahukumu waliowaua.