Bei Kabla ya Kupanda

Kabla hujapanda bodaboda, uliza bei. Ukipanda kimya, ukishuka utaambiwa ni mia mbili, na utabishana nini? Umeshafika.

Nimejiuliza mara nyingi mapatano ya mapema yana faida gani. Naona ni hivi: kabla ya kupanda, wote wawili mko huru. Wewe unaweza kwenda kwa mwenzake, naye anaweza kungoja mteja mwingine. Mkifika, mmoja ameshapata alichotaka. Mapatano tunayaweka kwa ajili ya saa hiyo, mmoja asipomhitaji mwenzake tena.

Wakubwa pia hupatana hivyo. Oktoba 2002, NAK na LDP walitia sahihi mkataba wa maelewano kabla ya uchaguzi. LDP walisema makubaliano yalikuwa kugawana mawaziri nusu kwa nusu, na Raila Odinga awe waziri mkuu. Desemba, Mwai Kibaki akashinda. Uwaziri mkuu haukuja. Kufikia kura ya maoni ya 2005, waliokuwa jukwaa moja walikuwa wamegawanyika, ndizi huku, chungwa kule. Raila alikuja kuwa waziri mkuu 2008, kwa mkataba mwingine, baada ya uchaguzi uliozua vurugu na zaidi ya watu 1,000 kufa. Safari hiyo hakuna aliyetosheka na sahihi peke yake. Bunge liliutungia sheria.

Mtu ataniambia, lakini si mambo hubadilika? Kweli kabisa. Mvua inaweza kunyesha mkiwa njiani, daraja likafunikwa na maji. Lakini mwenye boda muungwana atasimama hapo hapo akuambie, "Boss, huku hakupitiki. Nikizunguka utaongeza hamsini?" Hapo bado mnapatana, na bado unaweza kukataa. Anayengoja hadi mfike ndiyo akuambie mambo yamebadilika, huyo ameamua peke yake jambo lililokuwa la wawili.

Ni rahisi kusema hivi juu ya wanasiasa. Mwaka jana, usiku, nilipatana na mtu wa boda shilingi mia. Tulipofika kwa geti nikamtumia themanini, nikaingia ndani kabla hajasoma meseji. Sikuwa nimeishiwa. Hakupiga honi, hakuniita. Nilimsikia tu akigeuza pikipiki polepole, akaenda zake.

Ahadi ni deni, wanasema. Langu ni la shilingi ishirini, na sijui nitamlipia wapi.