Asili ya Nani?

Katika filamu ya Balufu Bakupa-Kanyinda iitwayo Juju Factory (2007), mwandishi Mkongo anaishi Matonge, mjini Brussels, na anaandika kitabu kuhusu mtaa huo. Mchapishaji wake anataka kitabu cha kumwongoza mtalii, kilichotiwa viungo vya Kiafrika na kinachouzika upesi. Mwandishi naye, kila anapokunja kona, anakutana na nafsi zilizobeba mambo mazito kuliko viungo. Filamu hiyo ilitengenezwa kabla kampuni za utiririshaji hazijaanza kuagiza kazi zao wenyewe, lakini sijaona nyingine inayoeleza vizuri zaidi yanayotokea katika ofisi ambamo tamthilia na filamu zao huundwa.

Utaratibu wenyewe si siri. Mtunzi au mtayarishaji hupeleka andiko fupi. Likikubaliwa, kampuni hulipia uandishi wa mswada. Maofisa wake huusoma na kuurudisha na maoni, rasimu baada ya rasimu: kisa kichangamke mapema, mhusika huyu apendeke zaidi, mila hii ifafanuliwe kwa mtazamaji wa mbali. Kisha hupangwa bajeti. Katika mikataba ya kawaida ya kazi zilizoagizwa, kampuni hulipa gharama za utengenezaji na kuongeza kiasi fulani kiwe faida ya mtayarishaji. Kwa malipo hayo huchukua haki, mara nyingi zote na kwa dunia nzima. Kazi ikitoka, huhesabiwa wangapi wameitazama na wangapi wamefika mwisho, na hesabu hiyo huchangia kuamua iendelee au ikome. Juu ya yote hubandikwa neno moja: hii ni kazi "asilia" ya kampuni.

Neno hilo lastahili kuhojiwa. Asili, tuliyoipokea kutoka Kiarabu, ni shina na mzizi. Tukiuliza asili ya mtu, twauliza ametoka wapi na kwa nani. Soko haliulizi hivyo. Kwake, asilia ni kile kisichopatikana kwingine. House of Cards, iliyoifungulia Netflix njia mwaka 2013, iliitwa asilia ingawa BBC ilikwisha kuonyesha tamthilia ya jina hilo mwaka 1990, nayo ilitokana na riwaya ya Michael Dobbs. Country Queen ya Kenya, iliyotoka mwaka 2022, inasemwa kwa Kiswahili, Kiingereza na Kikamba, na inasimulia kijiji kinachotaka kunyang'anywa ardhi na kampuni ya madini. Shina lake liko kwa watu wa lugha hizo. Chapa iliyo juu yake ni ya Netflix.

Hata hivyo, tusikimbilie kulalamika. Kuagizwa hakuharibu sanaa. Utendi wa Tambuka, uitwao pia Chuo cha Herekali, Bwana Mwengo aliutunga huko Pate mnamo 1728 kwa agizo la mfalme, na kisa chenyewe kilitoka katika masimulizi ya Kiarabu. Ni kazi iliyoagizwa, tena ya kisa cha kuazima, na nani atathubutu kusema kwamba si kazi asilia ya Kiswahili? Matonge nayo ni jina la kuazima, lililohama kutoka mtaa wa Kinshasa likaja kukaa kando ya Porte de Namur, baina ya saluni na maduka ya pondu na chikwangue. Watu wameliishi jina hilo hadi likawa lao. Basi kosa haliko katika agizo, wala katika kuiga.

Kosa, naona, linaanza baada ya kazi kukamilika. Mfalme wa Pate aliweza kuagiza utenzi, lakini ulipokwisha kutoka ulikuwa mikononi mwa wanakili na vinywani mwa wasomaji. Hakuwa na namna ya kuuzima. Kampuni ya leo inayo namna hiyo. Waongozaji wawili Wabelgiji, Adil El Arbi na Bilall Fallah, walijulikana kwa filamu yao Black (2015), inayosimulia mapenzi ya vijana kutoka magenge mawili hasimu, moja la Molenbeek na moja la Matonge hii hii. Baadaye wakaitwa Marekani kuongoza Batgirl kwa ajili ya HBO Max. Agosti 2022, filamu ikiwa imekwisha kupigwa picha na iko katika uhariri, Warner Bros. Discovery ilitangaza kwamba haitaonyeshwa popote. Gharama iliyotajwa ilikuwa takribani dola milioni 90. Waongozaji walisimulia hadharani kwamba walipojaribu kuingia katika seva, walikuta hawana tena njia ya kuifikia kazi yao.

Barani Afrika twajua zaidi habari za kukatishwa. Netflix ilitangaza Aprili 2020 kwamba Queen Sono, ambayo baadhi ya sehemu zake zilipigwa picha Zanzibar, ingepata msimu wa pili. Novemba mwaka huo ikaufuta. Januari 2024 Amazon ikaacha kuagiza kazi mpya barani. Katika hayo sioni dhuluma kwa lazima: mwenye fedha ana haki ya kuacha kuzitoa, na aliyebeba hatari ya hasara ana haki ya faida. Lakini haki ya kuacha kulipa ni tofauti na haki ya kumzuia kila mtu mwingine asionyeshe wala kuendeleza. Ya kwanza ni ya mfanyabiashara yeyote. Ya pili yageuza kumbukumbu ya watu kuwa bidhaa ya ghala, na mwenye ghala aweza kuichoma.

Kiswahili chatenganisha mali na amana. Mali naweza kuitumia nipendavyo. Amana niko nayo, nanufaika nayo labda, lakini nadaiwa. Kisa cha jamii kilicholipiwa na kampuni kina sehemu ya mali na sehemu ya amana, na mikataba yetu inaandika ya kwanza tu. Kuandika ya pili si ndoto: haki zirejee kwa watunzi baada ya miaka kadhaa ikiwa kampuni haionyeshi kazi, na nakala moja iwekwe katika hifadhi isiyo ya soko, kama Cinematek ya Brussels iliyoanzishwa mwaka 1938.

Mcheza kwao hutunzwa, twasema. Vijana wa Bukavu, Mombasa au Matonge wanaopeleka maandiko yao wanacheza ugenini, na ni haki yao kuuliza watatunzwa kiasi gani. Ningependa waulize na jingine kabla ya kutia saini: siku kampuni ikichoka nayo, nani ataruhusiwa kuionyesha?