Sadaka ya Nani?

Mwanajeshi mstaafu anapozikwa Mbeere, kuna maneno ambayo hayakosi: kwamba aliyatoa maisha yake kwa ajili ya taifa. Chifu huyasema, mhubiri huyarudia, na wenzake wa zamani, bereti kichwani, huafiki kimya. Matangani si mahali pa ubishi, kwa hiyo hakuna anayeuliza kama maisha hayo yalikuwa yake peke yake hata akaweza kuyatoa.

Nauliza mimi, na namchukua mtu wa mfano, asiye jirani wa yeyote. Alizaliwa karibu na Gachoka, ukanda ule mkavu ambako mvua za Oktoba zikikosa, hakuna ndengu wala kunde. Akapimwa kimo, akakaguliwa meno, akakimbizwa na vijana wenzake, akachukuliwa kuruti. Tangu siku hiyo miaka yake ikahesabiwa kwa vituo: Lanet, Gilgil, Nanyuki. Kenya ilipeleka wanajeshi Namibia mwaka 1989, Yugoslavia mwaka 1992, kisha Sierra Leone. Na Oktoba 2011 ikavuka mpaka kuingia Somalia. Afande wa rika lake angeweza kupitia zaidi ya moja ya safari hizo kabla ya kukabidhi sare.

Na nyumbani? Mkewe yuko shambani alfajiri akichuma muguka kabla jua halijayanyausha majani, kwa sababu mnunuzi hataki majani yaliyolegea. Usiku mtoto anachemka homa. Ampeleke hospitali sasa au asubiri kuche? Auze mbuzi au akope kwenye chama? Anaamua mwenyewe. Habari zikimfikia mumewe kambini, mtoto ameshapona na anacheza. Pesa huja, hilo tusilifiche: zamani kwa posta, na tangu 2007 kwa M-Pesa. Karo ikalipwa, mabati yakapanda juu ya nyumba. Baba alikuwepo kama mshahara, na mshahara si kitu kidogo Mbeere.

Lakini linganisha na shamba. Mtu huyohuyo hawezi kuuza ardhi ya familia kwa sahihi yake peke yake; Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inadai ridhaa ya mwenzake. Ekari mbili zina ulinzi huo. Miaka ishirini na zaidi ya ubaba, ambayo wenyewe ni wengi kuliko wa shamba, iliondoka kwa kiapo cha mmoja. Wakoloni hawakujali hata ridhaa ya huyo mmoja: wengi waliopelekwa Burma na King's African Rifles katika Vita vya Pili vya Dunia walitoka vijijini kwa shinikizo la machifu. Jamhuri humwuliza kijana. Nyumba haiulizwi bado.

Kuna jibu la haraka: mke alikubali, maana alikula mshahara. Silikubali sana. Anayekubali kwa kuwa hana njia nyingine ya kulipa karo amekubali nusu tu, na nusu ile nyingine ndiyo anayoibeba akiwa peke yake gizani na mtoto mwenye homa.

Jibu lenye uzito zaidi ni la Sokrates, naye alikuwa askari mkongwe aliyepigana Potidaea, Delium na Amphipolis. Mwaka 399 KK, akisubiri kuuawa, rafiki yake Krito alimshutumu kwamba akikataa kutoroka atakuwa amewatelekeza wanawe watatu. Sokrates akashikilia kwamba hata watoto hawatangulizwi mbele ya haki. Nakubali sehemu kubwa ya hoja hiyo. Nchi ambayo kila baba anabaki kitandani haina mpaka. Ila angalia nani hayumo katika mazungumzo hayo. Kwa masimulizi ya Plato, siku ya mwisho mkewe, Xanthippe, alipoanza kulia, Sokrates aliagiza apelekwe nyumbani. Mjadala ukaendelea bila yeye.

Simhukumu mstaafu. Kosa lipo katika hesabu tunayomfundisha: kwamba anarudi akiwa mdai, akilidai taifa heshima na akiidai nyumba utii. Kwa hesabu yangu, upande wa nyumba yeye ndiye mdaiwa. Hilo ndilo linalomchanganya miezi ile ya kwanza, anapoamka saa kumi na moja kufagia uwanja kana kwamba kuna ukaguzi, kisha anaamuru miche ya muguka ipandwe bondeni kwa mistari iliyonyooka.

"Baba Njue," mkewe anamwambia, "hapo maji hutuama mvua ikinyesha. Kaa kwanza uone."

Hajavuliwa cheo, cheo chake hakikuwahi kufika hapo. Mamlaka ya shamba hilo yalijengwa na mtu aliyebaki, msimu kwa msimu, na mwenye mamlaka hayo anamkaribisha ajifunze. Afande aliyetii amri za watu asiowajua anaweza kumtii huyu pia, ingawa hakuna gwaride litakalomfundisha namna.

Njue mwenyewe sasa ana miaka ishirini, na usajili wa makuruti umetangazwa. Amemletea baba yake vyeti, akitarajia jibu pale pale. Mzee ana hamu ya kusema ndiyo. Vyeti viko mezani, na mama yuko jikoni. Safari hii anaweza kuitwa kabla ya jibu kutolewa, na akisema hapana, hapana hiyo ihesabiwe.