Je, Kukubali Mguu Ukatwe ni Kukosa Imani?

Mtoto wa Ndalambo anapoanza kulalamikia goti usiku, kwanza tunasema ni mpira. Kisha anachuliwa, pengine anachanjwa, na goti linazidi kuvimba. Daktari wa Mbeya au Muhimbili anapotamka kwamba ni saratani ya mfupa na mguu lazima ukatwe, wazazi hutujia na swali: Mchungaji, tukisaini, je, hatutakuwa tumemzuia Mungu asiponye?

Tusilidharau swali hilo. Anayeuliza anampenda mwanawe.

Lakini tuutazame ugonjwa wenyewe. Huwapata zaidi wanaorefuka kwa kasi, kati ya miaka 10 na 20, mara nyingi karibu na goti, na ukiachwa huenda mapafuni. Wakiwahi, wengine hupata dawa na upasuaji unaouacha mguu. Kwa hiyo miezi ya kungoja muujiza haiko upande wa mtoto. Mwaka 1527, tauni ilipoingia Wittenberg, Luther aliandika kwamba anayeacha dawa alizoziumba Mungu anamjaribu Mungu. Na KCMC ya Moshi, iliyofunguliwa 1971, iko chini ya shirika lenye jina la Msamaria Mwema, ambaye, tukumbuke, alifunga majeraha na kulipa gharama.

Kuhusu nyayo zilizopinda tangu kuzaliwa hatuna hata cha kubishania. Plasta ya kila wiki, mkato mdogo kwenye kano ya kisigino, kisha viatu maalumu vya kulalia kwa miaka kadhaa, na mtoto anatembea. Kumficha ndani eti ni laana ni dhambi, na tuiite hivyo.

Kinachotusumbua zaidi ni mtoto mwenyewe. Wajomba, mashangazi na wazee wa kanisa wanakaa kikao. Mtoto wa miaka 12 anaambiwa tu, “Twende ukapimwe,” anazinduka mguu haupo. Aliyemdanganya ndiye anayemfundisha kuomba. Tunaona huo ni ukatili kuliko msumeno. Aambiwe mapema, aulize, alie, na akikasirika na Mungu tusimkemee.

Mefiboshethi alilemaa miguu yote miwili akiwa na miaka 5. Daudi hakumponya; alimpa nafasi mezani pake. Kwa mtoto wetu nafasi hiyo ni nauli ya kupita Tunduma hadi Mbeya kila anapoitwa kliniki, magongo mapya kila anaporefuka, na mteremko kwenye ngazi za kanisa, ujengwe kabla hajarudi.