Simu Ndogo na Wajibu wa Mtu

Watu wengi husifu kiasi, lakini si wengi wajuao kukipima. Wako wadhanio kwamba mwenye kiasi ni yule aliye na vitu vichache. Kama ndivyo, basi mwizi aliyefungwa gerezani angewapita wote kwa kiasi, maana hana kitu. Kumbe fadhila haihesabiwi kwa vitu vilivyomo mkononi. Hutoka katika uchaguzi wa moyo ulioongozwa na akili.

Swali hili ni la kale, lakini siku hizi limerudi kwa njia ya simu. Katika Ibanda, mojawapo ya komini tatu za mji wa Bukavu, kama katika miji mingi ya dunia, wako watu waliochoka na simu kubwa za kioo. Huona kwamba zimekula jioni zao, usingizi wao, na mazungumzo ya nyumbani. Wengine hutamani kuziacha na kushika simu ndogo isiyo na mambo mengi. Je, yafaa kufanya hivyo? Na afanyaye hivyo atatimizaje mahitaji ya kila siku?

UBAYA UKO WAPI?

Kwanza yapasa kuujua ubaya wenyewe, usije ukalaumiwa usio na hatia. Simu ni chombo. Kisu hukata mboga, kisu huua. Wala hakuna aendaye kukishitaki kisu.

Lakini chombo hiki kina jambo moja la pekee. Chakula kina mwisho: sufuria ikiwa tupu, mlaji huinuka. Barua ina mwisho: msomaji akifika kwenye jina la mwandishi, huikunja. Mwaka 2006 fundi mmoja wa Marekani, Aza Raskin, alibuni ukurasa usio na mwisho. Msomaji akifika chini, maneno na picha nyingine huja zenyewe, na baada ya hizo nyingine tena. Baadaye fundi huyo alisema hadharani kwamba anajutia kazi yake. Tena makampuni mengi yenye kurasa za namna hiyo hupata fedha kwa matangazo. Kadiri mtu akaavyo mbele ya kioo, ndivyo yapatavyo zaidi.

Mwisho wa kitu ndipo akili hupata nafasi ya kujiuliza, «Je, yatosha?» Aliyeondolewa mwisho ameondolewa swali, na asiyejiuliza hachagui tena, bali huchukuliwa kama jani katika mto Ruzizi. Hapo ndipo ulipo ubaya.

SIMU YA WINO

Kati ya simu ndogo zinazotajwa sana iko ile yenye kioo cha wino wa umeme. Wino huo si maji ya kalamu. Ni vidonge vidogo mno, upana wake kama unywele, na ndani yake mna chembe nyeupe na nyeusi. Umeme ukipita, chembe za rangi moja hupanda juu na za rangi nyingine hushuka. Zikiisha kupangika kuwa herufi, hukaa pale pale hata umeme ukikatika. Ndiyo sababu kioo hicho hula umeme kidogo. Husomeka vizuri juani, kama karatasi. Lakini hubadilika polepole, kwa hiyo hakifai kwa sinema wala kwa picha zipitazo upesi.

Mwaka 2006 kampuni ya Motorola ilitoa simu ya namna hii iliyoitwa Motofone F3. Ilikusudiwa watu wa nchi maskini: bei yake nafuu, betri yake ya kudumu, tena ilikuwa na sauti ya kumwongoza asiyejua kusoma. Kasoro yake ni kwamba ilionyesha herufi chache tu kwa mara moja, hata kusoma ujumbe mfupi kulikuwa taabu. Mwaka 2019 kampuni moja ya New York ilianza kuwapelekea wanunuzi simu iitwayo Light Phone II. Nayo ina kioo cha wino. Huita, hupokea, huandika ujumbe, na kuamsha kwa kengele. Lakini haina WhatsApp wala kurasa za kupekua. Hii haikukusudiwa maskini, bali watu waliochoshwa na wingi.

Tazama ajabu hii. Mama wa Ibanda ashikaye simu ya vitufe kwa kukosa fedha, na tajiri wa New York ashikaye simu ndogo kwa kupenda utulivu, wameshika vitu vinavyofanana. Lakini hawakufanya tendo moja. Mmoja amekosa, mwingine amechagua. Kwa hiyo hakuna awezaye kuitazama simu ya mtu na kusema, «Huyu ana kiasi,» au, «Huyu hana.»

MAHITAJI YA KWELI

Watu wa Ibanda hawakufundishwa mahitaji yao na matangazo ya biashara. Februari 2025 wapiganaji wa M23 waliingia mjini Bukavu, na mabenki yakafunga milango. Katika siku hizo fedha ya simu ilikuwa kwa wengi njia ya kupata chakula, na sauti ya ndugu katika simu ilikuwa habari ya kwamba yu hai. Nani angethubutu kumwambia mtu wa wakati ule kwamba simu ni anasa?

Hapa pana faraja kwa mpenda simu ndogo. Fedha ya simu, kama M-Pesa iliyofika Kongo mwaka 2012, hutumika hata kwa simu ya vitufe, kwa kubonyeza tarakimu. Mama auzaye sambaza katika soko la Nyawera aweza kumwita mvuvi, kupokea malipo na kumjibu mtoto wake, bila kioo kikubwa. Akitaka habari, simu nyingi za vitufe zina redio ndani yake, na Radio Okapi imekuwa ikisikika nchini Kongo tangu mwaka 2002.

Lakini fundi cherehani ambaye wateja humpelekea picha za mishono, je, afanye kazi kwa kukisia? Mwanafunzi wa chuo asiye na fedha ya kununua vitabu, ambaye hupata masomo yake kwa simu, je, aache kusoma? Bibi mzee ambaye mwanawe yuko Ulaya, na ambaye huuona uso wa wajukuu kwa WhatsApp tu, je, anyimwe uso huo kwa jina la kiasi?

KIPIMO

Aristoteli, mwalimu wa Wayunani aliyefariki mwaka 322 kabla ya Kristu, alifundisha kwamba fadhila hukaa katikati, kati ya kuzidi na kupungukiwa. Lakini akaeleza kwamba katikati hiyo si moja kwa watu wote. Chakula kilicho kidogo kwa Milo, mpiga mieleka hodari, ni kingi kwa kijana aanzaye kujifunza mieleka.

Mtakatifu Thomas wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, aliuliza kama kipimo cha kiasi ni mahitaji ya maisha haya. Akajibu kwamba ndiyo. Kisha akatenga mahitaji ya namna mbili: lile ambalo pasipo hilo kitu hakiwezi kuwapo kabisa, na lile ambalo pasipo hilo kitu hakiwezi kuwapo inavyofaa. Na hilo la pili, alisema, latazamwa kufuatana na mahali, na wakati, na desturi za watu ambao mtu aishi nao.

Mafundisho hayo yanamfaa mtu wa Ibanda kama yalivyomfaa mtu wa zamani. Simu ya mtu na ikatwe kama nguo, kwa kipimo cha mwili wake. Na mwili wenyewe hapa ni wajibu wake: kazi yake, jamaa yake, wagonjwa wake, na watu wanaomtegemea. Nguo iliyozidi hukwaza miguu. Nguo iliyopungua humwacha mtu uchi.

MZIGO ULIOHAMA KICHWA

Liko kosa moja ambalo wapendao kujinyima hawalioni upesi. Chukua mfano wa baba mmoja ambaye ameuza simu yake kubwa na kushika ndogo. Siku ya kwanza anafurahi kwa utulivu. Siku ya pili shule inapeleka tangazo la karo katika kundi la wazazi, naye anamwomba jirani amsomee. Siku ya tatu anatakiwa picha ya hati, anamtuma binti wa jirani aipige. Siku ya nne wenzake wa chama wanapaswa kupanda mlima mzima kumwambia saa ya mkutano, kwa maana hakuna njia nyingine ya kumfikia. Mwisho wa juma baba anasema, «Tazameni, mimi nimepunguza!»

Je, amepunguza? Mzigo haukupungua, umehama kichwa. Binti wa jirani ndiye akaaye sasa mbele ya kioo kwa ajili yake. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri. Utulivu ununuliwao kwa jasho la mwingine bila ridhaa yake hauwezi kuitwa fadhila, maana umevunja haki, na kiasi hakiwezi kusimama juu ya kaburi la haki.

Lakini kusaidiana si kosa. Kama watu wa nyumba moja wakipatana kuwa na simu moja kubwa, ikae mezani, itumike na wote kwa saa inayojulikana, na kila mmoja mfukoni achukue simu ndogo tu, hapo hakuna aliyemtupia mwenzake mzigo. Wamegawana. Tofauti iko katika mapatano.

KOSA LA UPANDE WA PILI

Neno «nahitaji» nalo ni mlango mpana, na tamaa hupita humo imevaa nguo za kazi. Mtu husema, «Simu hii ni ya wateja,» kumbe mteja hupiga mara mbili kwa siku, na saa nyingine zote ni za ugomvi wa watu asiowajua na uvumi usio na mwenyewe.

Iko njia rahisi ya kuvitenganisha. Hitaji la kweli hutajika kwa jina la mtu na kwa saa yake: «Mama yangu hunipigia jioni.» «Mwalimu hupeleka masomo Jumatatu.» Tamaa haina jina wala saa, husema tu, «Labda kuna jambo.» Mwenye kutaka kujijua na aandike kwa juma moja kila sababu iliyomfanya aishike simu. Mwisho wa juma karatasi itamwambia ukweli ambao rafiki huona haya kuusema.

Kisha na afuate mambo haya. Kwanza, ayarudishie mambo mwisho wake: aondoe programu zenye ukurasa usiokwisha, anyamazishe makundi, ayasome mara mbili kwa siku, na usiku simu ilale mbali na kitanda, bali sauti ya watu wanaomtegemea iachwe ilie. Pili, akiona kwamba wajibu wake wote waingia katika simu ndogo, na aishike kwa furaha. Tatu, asitupe simu nzima ili anunue mpya ya utulivu. Simu nyingi, kubwa kwa ndogo, zina ndani yake tantali, itokayo katika koltani, jiwe lichimbwalo kwa mikono ya watu hata hapa Kivu, kama vile Kalehe na Masisi. Kununua kipya ili kuonekana mwenye vichache ni kujidanganya, na simu kubwa iliyopunguzwa mambo yaweza kufanya kazi ya simu ndogo. Nne, asijisifu, wala asimhukumu fundi cherehani kwa kioo chake.

MASWALI YA KUTAFAKARI

1. Ni watu gani wanaokutegemea kwa njia ya simu? Wataje kwa majina.
2. Jana uliishika simu mara ngapi bila jina la mtu wala sababu?
3. Kati ya mambo uliyoyaacha, ni lipi ambalo sasa mwingine anakufanyia? Je, ulimwomba ridhaa yake?
4. Nyumbani kwenu, ni saa gani ambayo simu zote zaweza kunyamaza, na hakuna atakayekosa haki yake?