Moto wa Jirani na Makaa Yake

Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia ardhi yetu kaskazini ya mto Kagera. Tuliyafukuza, wala hatukukomea mpakani: Aprili 1979 askari wetu waliingia Kampala, Amin akakimbia. Sisi wa Ngara tulishangilia, na shangwe ile siijutii.

Lakini mambo hayakuishia pale. Baada ya uchaguzi wa Desemba 1980, Yoweri Museveni aliingia msituni, na miongoni mwa wapiganaji wake walikuwamo vijana wa Kinyarwanda waliokulia ukimbizini Uganda. Oktoba 1990 wengi wao waliingia Rwanda kwa silaha. Aprili 1994 yakaja mauaji ya kimbari. Mwishoni mwa mwezi huo, kwa muda wa siku moja hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuja Ngara, wasio na hatia na wauaji pamoja. Biharamulo nayo ikapata kambi zake. Miti yetu ikageuka kuni.

Mzee mmoja jirani yangu aliniambia, "Mwanangu, moto tuliuwasha Kampala, moshi ukatufuata huku." Maneno hayo yalininyima usingizi.

Naona mzee alisema nusu ya kweli. Waliopanga mauaji walikuwa na hiari yao, na chuki ile ilikuwapo tangu kabla ya Amin kutawala. Tukitwishwa kila baya lililofuata, nani atathubutu tena kumwokoa jirani? Na kukaa kando nako kuna hesabu yake: Aprili ile ile ya 1994, watu wakichinjwa, Baraza la Usalama liliamua kupunguza askari wa Umoja wa Mataifa nchini Rwanda.

Nusu ya pili ndiyo inayotuhusu. Anayeingia nyumba ya mwenzake kuzima moto hana budi kuyaangalia makaa. Askari wetu walibaki Uganda hadi 1981, lakini bunduki haipatanishi wenye nyumba.

Desemba 1996 tuliwarudisha Wanyarwanda, wengi bila kupenda, askari wetu wakiwasindikiza hadi daraja lile lile. Tulisema mzigo si wetu. Ulikuwa mzito kweli, ndugu msomaji. Lakini kila nipitapo Rusumo najiuliza: si wetu hata kidogo?