🌙 RAMADHANI, SIKU YA 17: Ndege Aliyetoka na Njaa



Saa hizi pengine tumbo lako linanguruma. Lakini huna wasiwasi. Unajua magharibi itaingia na tende ipo. Njaa yako ina saa ya kuisha.

Hebu mfikirie mwenye njaa isiyo na adhana. Kati ya 2014 na 2016, Bahari ya Pasifiki upande wa Amerika Kaskazini ilipata joto lisilo la kawaida. Samaki wadogo wakapungua na kukonda. Kuna ndege huko, mweusi mgongoni, mweupe tumboni, anayepiga mbizi kama mnandi wetu. Kila siku huhitaji samaki wa karibu nusu ya uzito wake. Akikosa siku chache tu, anakufa. Kutoka California hadi Alaska, mizoga kama 62,000 ilikutwa ufukweni, mingi imebaki mifupa na manyoya. Wanasayansi wanakadiria Alaska peke yake ilipoteza ndege hao milioni 4, yaani nusu ya waliokuwapo.

Sasa swali linalouma. Mtume (s.a.w.) alitufundisha tawakkul kwa mfano wa ndege: hutoka asubuhi na njaa, hurudi jioni ameshiba. Mbona hawa hawakushiba?

Usikimbilie kujibu. Tazama kwanza: ndege alitimiza lake. Alitoka, akapiga mbizi, hakukaa akisubiri. Siri ya ajali yake iko kwa Mola wake. Letu sisi ni amana. Bahari inazidi kupata joto kwa sababu ya mafuta na makaa tunayochoma binadamu, na mara nyingi riziki ya kiumbe hupita mikononi mwa kiumbe mwingine. Tawakkul ya ndege haitufutii sisi hesabu.

Utasema, "Mimi na pikipiki yangu nina kosa gani?" Kweli, wapo wenye mzigo mkubwa kuliko wako. Lakini israfu ni ile ile, iwe ya kiwanda au ya sufuria: kuchukua kupita haja, mwenzio akakosa. Na futari zetu, jamani, ni sahani ngapi huishia jaani?

Leo pika kinachotosha. Kikizidi, mpelekee jirani kabla hakijapoa. Na ukishika ile tende ya kwanza, mkumbuke aliyetoka asubuhi na hakurudi ameshiba, awe mtu au ndege.

Ewe Mola, tukubalie saumu zetu, wala usiifanye shibe yetu kuwa njaa ya mwingine. Amin.